Jirani Aliyegawa Mpira

Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani Sosiot, nimekaa jikoni na kikombe changu cha chai, nikiwasikia wapwa zangu wakizozana, macho kwenye simu. Walikuwa wakitazama basketi ya Marekani na kila mmoja alikuwa na bingwa wake. Nikawaambia bingwa wa kweli nilimwona mimi kwa macho yangu, na alikuwa mchuma chai wa hapa hapa Kericho. Wakacheka hadi chai ikawapalia.

"Aunti, huyo alikuwa anafunga pointi ngapi kwa gemu?" akauliza mkubwa wao.

Siku zingine hakufunga hata moja, nikamjibu. Lo! Hapo ndipo waliponifia kabisa kwa kicheko.

Cheka nawe ukitaka, rafiki yangu, lakini nisikilize kwanza. Nililelewa na nyanya kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai. Asubuhi uliamshwa na gamubuti zikipita nje, na harufu ya majani yakikaushwa kiwandani ilikuwa imeshaingia hata kwenye blanketi. Alasiri mvua ilinyesha, upende usipende. Ikiisha, akina mama walivua aproni zao za plastiki, wakanawa miguu, wakaenda uwanjani kucheza basketi.

Jirani yetu wa mlango wa pili ndiye aliyekuwa nahodha. Alikuwa mama wa Kipsigis, mfupi, mwenye mabega mapana. Shambani alichuma kwa mikono yote miwili huku akikutazama usoni na kukupigia hadithi, na majani yakaruka kapuni bila yeye kugeuka. Uwanjani ilikuwa vile vile. Ulingoja mpira kulia, nao ulikuwa umeshatoka kushoto. Mabeki walibaki wakishika hewa, na sisi watoto tulipiga kelele hadi koo zikauma.

Gengi yao ya wachumaji ilikuwa na desturi moja. Ukimaliza mstari wako wa chai, huendi kwenye mizani. Unazunguka hadi mwisho wa mstari wa mwenzako aliyechelewa, unachuma ukimwendea mpaka mkutane. Hakuna aliyeachwa peke yake katikati ya majani, hata nyapara akipiga kelele namna gani.

Basi kukaja habari kwamba mgeni kutoka Nairobi atakuja kutazama mechi yetu na shamba jirani. Timu ya kampuni fulani ilitaka mchezaji mmoja, naye angepewa kazi ya ndani, chini ya paa. Jirani aliitaka nafasi ile sana. Baridi na mvua vilikuwa vimemharibia kifua, usiku tulimsikia akikohoa kupitia ukutani. Siku ya mechi nyanya akamwita akamwambia, "Leo usipatie mtu mpira. Funga wewe mwenyewe, umesikia?" Akaitikia.

Na kweli alianza kwa kufunga. Mgeni akainuka kitini, akasogea karibu na mstari. Nyanya alikuwa akinifinya bega kwa furaha. Lakini kulikuwa na msichana mmoja mrefu kutoka Ndanai, mpya kazini, ambaye alikosa, akakosa tena. Watu wakaanza, "Toeni huyo mlingoti!" Msichana akaangusha mikono, machozi yakimlengalenga. Jirani akamtazama mara moja tu. Kuanzia hapo kila mpira ulimwendea yule msichana, tena ulimfikia akiwa chini ya ringi kabisa, mahali ambapo hata mimi ningefunga.

Tukashinda. Mgeni akampa msichana mkono na kumwambia ajiandae kwenda Nairobi. Kwa jirani, yule mgeni alimpigapiga begani tu, akasema, "Mama, umejaribu." Umejaribu! Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Jioni nyanya alisonga ugali kwa hasira, sufuria ikilia. "Wewe ni mtu wa aina gani? Nilikuambia nini?" Jirani akanywa mursik yake, maziwa ya kibuyuni, taratibu, akapangusa mdomo. "Mama, angebaki nyuma peke yake." Nyanya alishika upawa. Alimwongezea mboga tu.

Yule msichana hakumaliza mwaka Nairobi. Alirudi na begi lake, akaja moja kwa moja hadi mlango wa jirani. "Huko wananiona mrefu tu," alisema. "Mpira haunifikii." Kesho yake alikuwa amebeba kapu.

Siku hizi ni mashine zinazochuma, zinanguruma juu ya majani na watu wachache nyuma yake. Pale uwanjani wanaegesha trekta. Jirani alikaa kwenye mvua ile hadi kifua kikamshinda, akazikwa kwao Bomet. Kaburini walisema alikuwa mchapakazi na mtu wa kanisa, na ni kweli. Basketi hakuna aliyeitaja, nami nilikuwa mbali, sikuwapo kuwakumbusha.

Wapwa zangu walikuwa wameacha kucheka. Mkubwa akaniuliza kama kuna video yake mahali. Hakuna, nikamwambia. Kuna mimi, na kuna yule wa Ndanai ambaye sasa ni nyanya ya watu. Tukiondoka sisi wawili, hakutabaki mtu wa kusimulia vile mpira ulivyotoka mikononi mwake. Ndiyo maana nasema sasa, na kwa sauti: sijaona mchezaji mkubwa kumpita.