Robo ya Duara la Boaz

Binamu yangu Deusdedit alirudi kwetu Segese na tai shingoni. Wengine wakirudi kutoka Dar es Salaam huleta godoro au redio. Yeye alileta tai, kompyuta na shahada ya fedha, akatutangazia kwamba imebaki kidogo tu aajiriwe na benki ya uwekezaji. Maana yake walimpa mafunzo ya vitendo kwenye kampuni moja ya udalali wa hisa, na muda ulipoisha wakamshukuru. Nikampa chumba cha nyuma ya duka langu la vipuri, akatundika kibao: Mthamini wa Makampuni.

Tatizo dogo ni kwamba Segese hakuna foleni ya makampuni yanayosubiri kuthaminiwa. Basi msomi wetu akathamini alichokiona. Alianza na bodaboda ya Magesa, akamwonyesha kwa grafu kwamba ukitoa uchakavu wa pikipiki na gharama ya mtaji, amekuwa akipata hasara tangu aanze kazi. Magesa akamshukuru sana, akapiga kiki, akaenda kutafuta abiria, maana watoto wake hawali grafu.

Kisha akaja Boaz. Boaz alikuwa na duara, yaani shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, na alitaka kuuza robo yake. Mwezi hadi mwezi viroba vya mawe vilikuwa vinaongezeka. Deusdedit alipopewa hesabu alifurahi kama bwana harusi: mapato yanapanda, gharama zinashuka. Hata wachimbaji walipoanza kuondoka mmojammoja, aliandika kwenye ripoti kwamba ufanisi wa wafanyakazi umeongezeka. Sitanii. Ripoti nimeishika mwenyewe, ina jalada la plastiki.

Kushuka chini kuangalia hakushuka. Alisema namba zinajieleza.

Mnunuzi aliyempata alikuwa mama yake mzazi. Shangazi Sesilia alifika kutoka Samuye, nikamwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio ananiambia niuze ng'ombe."

Ng'ombe hao aliachiwa na marehemu mumewe. Akiugua, anauza mmoja. Mvua ikigoma, anauza mwingine. Bila wao angebaki na kijishamba cha mtama na kutazama mawingu. Ndio pia waliomsomesha huyohuyo aliyetaka wauzwe.

"Mayu, ng'ombe ni mali yenye hatari kubwa," Deusdedit akamwambia mama yake. "Kuna ukame, kuna magonjwa, kuna wezi. Duara nimelithamini. Unachukua fedha zote litakazoingiza miaka ijayo, unazirudisha kwenye thamani ya leo. Boaz anatuuzia kwa nusu ya bei inayostahili!"

"Na hiyo miaka ikiisha?"

"Baada ya hapo nimeweka ukuaji wa asilimia mbili, milele."

"Milele kama ya kanisani?"

"Kama ya kanisani, mayu."

Shangazi alimtazama mwanawe na ile tai. "Umesoma wewe, ng'wanawane, mwanangu. Mimi nitajua nini?" Wiki hiyo ng'ombe wakapelekwa mnadani, na Boaz akapokea fedha kwa mikono miwili na tabasamu pana.

Jalada la ripoti halijapata hata mkwaruzo, duara likatitia. Ilikuwa asubuhi na ndani hapakuwa na mtu, tumshukuru Mungu kwa hilo. Nasibu, mmoja wa wachimbaji waliokuwa wameacha kazi, alikuwa anaosha bajaji yake mpya mbele ya duka langu. Nikamuuliza kulikoni.

"Tulikuwa tunakula nguzo, kaka," akasema, bila kuacha kusugua. Nguzo ni mwamba ambao wachimbaji huuacha bila kuuchimba ili ushike paa la shimo. "Mkanda wa dhahabu ulishaisha zamani. Boaz akatuambia tubomoe nguzo, tugawane viroba. Mawe matamu yale! Tulipoona paa linadondosha changarawe, kila mtu akachukua chake akasepa."

"Mbona hamkumwambia Deusdedit?"

"Aliuliza? Alikuwa anasimama pale juu na kompyuta anatuambia hongereni."

Kumbe ule ukuaji wote ulikuwa huo. Watu wanachoma boriti za nyumba yao kama kuni, na mthamini anawapongeza kwa kuokoa gharama za mkaa. Nilimuuliza Deusdedit kama vitabu vyake havikumwambia kwamba mtu anaweza kula mtaji akauita faida. Akajibu kwamba vilimwambia, tena ni somo la mwaka wa kwanza, na alilifaulu vizuri. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kwelikweli.

Simu ya Boaz haikupatikana tena. Shangazi akaja, tukaenda naye hadi ukingoni. Lile shimo lilikuwa limejifukia, limebaki bonde la udongo mwekundu. Deusdedit akajikohoza.

"Mayu, kwa sasa itabidi tuishushe thamani ya mali yetu kwenye vitabu."

Shangazi hakulia. Alitazama bonde, akamtazama mwanawe. "Robo yetu ni upande upi?"

Niliomba kimoyomoyo amwambie ukweli, kwamba robo haipo. Ila Deusdedit alinyoosha mkono, akaonyesha upande linapotoka jua. Shangazi akazunguka taratibu mpaka huko, akainama, akafikicha udongo kwa vidole. Nilimwonea uchungu ambao sijawahi kumwonea mtu.

"Viazi vitakubali hapa," akasema alipoinuka. "Kesho uje na jembe, unilimie. Mavuno usinitabirie. Nitayaona mwenyewe."