Kutoa 4WD

Gari letu ni dogo, la buluu, na tulipolinunua lilikuwa na maandishi ya kung'aa yamebandikwa nyuma: 4WD, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Si kweli. Linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Yule aliyetuuzia kule Londiani sisemi alitudanganya. Labda naye aliyakuta hapo, na mimi sikuuliza. Nilikaa nayo mwaka mzima, na nakubali nilipenda kidogo vile watu waliyaangalia.

Halafu jirani yangu akaniambia, "Ijumaa utanipelekea kogo kliniki Mogogosiek. Tupite njia ya mashamba ya chai, ni fupi. Hata kukinyesha, yako si ni fowili, vile imeandikwa nyuma?"

Kogo ni mama yake, mzee, miguu imevimba. Nikajibu tu, "Sawa." Nikaenda nyumbani nikimwona kogo akilini, amekaa ndani ya gari katikati ya matope, mimi nyuma nasukuma.

Ningeweza kumwambia palepale. Sijui kwa nini sikusema. Niliona afadhali kwanza maandishi yatoke. Alhamisi nikachukua kisu.

"Baba watoto, weka hicho kisu chini!" Ni mke wangu. Nusu ya gari ni yake, imetoka kwa pesa za chai yake. "Ukikwaruza hiyo rangi, utatembea kwa miguu kwenda kanisani."

Ncha ilikuwa imeshagusa. Kuna mstari mwembamba kama unywele chini ya W. Huo ni wangu.

Yeye akaosha vumbi kwanza, kwa sababu mchanga ndio unakwaruza. Akaleta maji moto kwa thamosi, akaloweka kitambaa, akakibandika juu ya maandishi mpaka gundi ikalegea. Mimi nikapitisha nyuma ya maandishi uzi wa nailoni, ule wa kushonea magunia, nikavuta huku na huku polepole, vile mwenye duka hukata mche wa sabuni. Ikaanguka 4, ikafuata W, ikafuata D. Gundi iliyobaki tulipaka mafuta ya kupikia, tukaisugua na dole gumba mpaka ikatoka. Ukiacha ule mstari wangu, rangi ilikuwa nzima.

Lakini pale chini buluu haikuwa imechomwa na jua kama pembeni. 4WD ilisomeka vilevile.

Jioni jirani akaja, akainama. "Haiya! Umeitoa na bado iko!"

"Haijawahi kuwa fowili," nikasema. "Ni mbele tu. Ningekuambia ile siku."

Akainuka akaniangalia, nikadhani amekasirika. Kisha akacheka. "Na vile umekuwa ukituringia! Basi tutazunguka na lami."

Ijumaa ilinyesha kweli. Tulizunguka na lami, njia ndefu, na kogo akateremsha kioo akasalimia karibu kila mtu mpaka kliniki. Aliposhuka viatu vyake vilikuwa vikavu. Akaniuliza kama kurudi pia tutapita hukohuko.