Titi la Kushoto la Fundi Cherehani

Fundi cherehani hushona akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo hata maumivu huyaugulia puani. Siku ya tatu hii titi lake la kushoto limevimba, gumu kama jiwe, na mama mkwe ameshaleta kopo la maziwa ya unga. “Mwachishe mtoto, mwanangu. Titi likikataa halibembelezwi.” Fundi anachomeka pini zote kwenye kimto chake, anapasha kitambaa kwa pasi, anakipima joto shavuni, anajikanda taratibu kuelekea kwenye chuchu, kisha anampa mtoto titi hilohilo linalouma. Mtoto anavuta, anaguna, anavuta tena. Ghafla anapaliwa na kuliachia, na maziwa yanaruka hadi kwenye miwani ya bibi yake. “Hayo ya kopo, mama,” anasema fundi kwa adabu zote, “tutatilia chai.”