Karatasi ya Bluu

Shemeji yangu Ngadiran anachapisha vitabu vya Yasini hapa Klaten, Java, vile ambavyo wafiwa huwagawia wageni, vyenye picha ya marehemu kwenye jalada. Tangu dada yangu Wartini afariki, anafanya kazi kama kawaida, anakula akiwekewa, anajibu akiulizwa. Jibu lake ni moja. Kaburi lichimbwe upande upi? Wowote tu. Wageni wapikiwe supu ya soto au mboga za pecel? Chochote tu. Alinikera, nasema waziwazi.

Arobaini ilipokaribia, Windows ya kompyuta yake ikafa. Mimi nafundisha kompyuta, nikamletea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ambao hajawahi hata kuuona. Nilipoanza kuuweka, skrini ikauliza diski ipangwe kwa mfumo gani wa faili.

"Shemeji, sikiliza. Tukiipanga yote kwa mfumo mpya, kompyuta itakimbia, lakini kila kilichomo kitafutika. Tukiacha sehemu moja na mfumo wake wa zamani, Linux itaisoma, ila nafasi itabana. Na diski nyingine ya kuhamishia vitu hatuna."

"Wowote tu."

"Hujasikia hata nilichosema!"

"Nimesikia. Si wewe mwalimu?"

"Wanafunzi wangu wote wangekuwa kama wewe, ningeshaacha kazi nikauze supu ya bakso."

Hakucheka. Nikapeleka mshale kwenye ule mfumo mpya, makusudi, nimwone.

"Haya, nafuta. Na picha za Wartini zinakwenda."

"Zimo humo?"

"Ulidhani ziko wapi?"

"Sijui. Sijazifungua."

Akautazama mshale. Kisha mkono wake ukaja juu ya wangu, baridi kama chuma cha mashine yake ya kukatia karatasi.

"Hiyo ya zamani niachie, shemeji. Usiiguse."

Nikaiacha. Linux ilipowaka, tukafungua picha moja: Wartini anamenya vitunguu, amenuna kwa kupigwa picha. Ngadiran akaiweka sawa kwenye jalada la Yasini ya arobaini yake, uso wake haukubadilika hata kidogo. Mimi pia sikuhisi kitu. Nilikuwa sijalia tangu mazishi, nilikuwa na mambo mengi ya kupanga.

Nikamsogezea bunda la karatasi za bluu za jalada nililonunua asubuhi.

"Hizi zinafaa?" nikauliza, nikijua jibu.

Akalirudisha bunda upande wangu.

"Kijani," akasema. "Bluu alikuwa haipendi."

Nimelala kitanda kimoja na dada yangu mpaka alipoolewa. Sikuwa nalijua hilo. Nikalibeba bunda langu la bluu nikatoka nalo nje, na huko ndiko nilikolia.