Udongo wa Mirihi

Juzi, kwenye kibanda cha chai njiani kuelekea Geita, redio ilitangaza kwamba chombo kisicho na mtu kimetua sayari ya Mirihi, kikanyoosha mkono wake wa chuma na kuchota udongo. Wachimba dhahabu waliojaa kwenye mabenchi wakashangilia. "Huyo mwenzetu!" alisema mmoja.

Mama muuza chai, birika mkononi, akauliza, "Walimwomba nani ruhusa?"

Tukacheka. Mimi, mwandishi mzima, nikacheka kuliko wote. "Mama, kule hakuna mtu."

"Hata shambani kwangu mlisema hakuna mtu," alimwambia mchimbaji yule, bila kupandisha sauti. "Mkachimba mpaka kwenye kaburi la baba watoto wangu."

Kisha akamjazia kikombe. Yule bwana akatazama vidole vyake vyenye udongo mwekundu, akavificha chini ya meza.

Redio ikaendelea kueleza kwamba mashine ile imesafiri umbali wote huo kutafuta dalili za kiumbe hai. Kiumbe hai wa kwetu alikuwa mbele yetu, akitumiminia chai, na hakuna aliyeweza kumtazama usoni.