Mwoga Mwenye Kahawa

Waliniita mwoga, na sikuona haya hata kidogo. Mchana ule wa mvua tulikuwa Kamuli, ukweni kwangu, tunacheza poka, mchezo wa karata ambao mdogo wa mume wangu alirudi nao kutoka Bukoba. Hatukuwekeana pesa. Tuliweka kahawa ya kutafuna, ile ile tunayomkaribishia mgeni.

Shangazi wa mume wangu alikuwa akitafuna mtaji wake tangu mwanzo, na wote wakamcheka. Mimi nilimtazama. Akishika karata mbovu hutafuna, maana anajua punje zake zitachukuliwa, afadhali azile mwenyewe. Basi nikapata wafalme watatu. Nikainua macho: kinywa cha shangazi kimetulia tuli. Nikatupa karata zangu, nikajitoa.

Shemeji akazifunua, akaangua kicheko. "Wafalme watatu unawatupa? Shemeji, huna moyo!"

Moyo ninao, na macho pia ninayo. Sikuyaacha kwetu Mabira nilipoolewa. Shemeji akasukuma kahawa yake yote katikati. Shangazi akalaza malkia wanne, ambao huwashinda hata wafalme watatu, taratibu, akazoa kila punje, kisha akaanza tena kutafuna.

Mvua ikazidi. Shemeji akaninyooshea kiganja, akiomba hata punje moja.

"Mwoga," nikamwambia, "hana cha kumpa shujaa."