Sinema Iliyonifundisha Kutega Mzimu

Mpaka leo mtu akija kwangu akakohoa nje badala ya kupiga hodi, damu inanichemka. Wajukuu zangu hucheka, wanasema bibi ana ugomvi na kikohozi. Waache wacheke. Ninyi nitawaambia kisa chenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa na mazoea ya kukohoa mara mbili akipanda njia ya migombani, koh, koh, ili Mama ajue amefika, aanze kupakua. Alifariki kahawa ikiwa ndiyo kwanza inaiva. Akatuacha Mama na mabinti watatu, mimi nikiwa mkubwa, pamoja na kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Kwetu Uchaggani kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume, na sisi hatukuwa naye. Baba Mdogo Boni, mdogo wake Baba, alikaa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji unaoteremka toka mlimani. Alikuwa na wana wengi, na macho yake hayakubanduka kwenye migomba yetu.

Matanga hayajapoa, Baba akaanza kukohoa tena. Jua likishazama tu, kutoka katikati ya migomba: koh, koh, na mwanga wa chemli unapita taratibu nyuma ya majani. Wadogo zangu waliingia uvunguni. Mama alibaki jikoni na mwiko mkononi, ameganda. Asubuhi Baba Mdogo alikuja kutupa pole. Akasema kwa upole kwamba kaka yake hana raha huko aliko, anataka kihamba kikae mikononi mwa mwanaume wa ukoo, na shemeji angefanya vyema arudi kwao mapema. Nami ilinibidi nimwamkie shikamoo. Aliitikia marahaba mwanangu, akanipapasa kichwa kwa mkono ule ule ulioshika chemli, ila hilo nilikuwa bado sijalijua.

Mama akaanza kufunga nguo zetu kwenye mashuka. Tungeteremka mjini, mtaa wa Pasua, kwa kaka yake, tukabanane naye kwenye chumba kimoja cha kupanga, na migomba aliyopanda Baba ikatwe na Boni.

Ndipo likapanda gari la sinema la serikali. Vijana walifunga shuka jeupe kwenye goli la uwanja wa shule. Kwanza tukafundishwa kupogoa kahawa, kazi ambayo pale uwanjani hakuwepo asiyeijua. Kisha tukaonyeshwa choo cha shimo. Mwisho wakaweka sinema ya zamani ya Waingereza, ya kuchekesha, nadhani kwa sababu tu mkanda wake ulikuwemo garini. Ilikuwa habari ya mnara uliojengwa juu ya mwamba katikati ya bahari, wenye taa kubwa ya kuonya meli, na Mzungu mmoja mnene, mwoga, aliyepelekwa kuilinda taa hiyo. Mfasiri alitueleza kwa kipaza sauti. Wengi wetu bahari hatukuwahi kuiona. Mzee mmoja nyuma yangu aliuliza huyo bwana anakata wapi majani ya ng'ombe wake.

Mle mnarani kulikuwa na mzimu. Ulikuwa unalia, na mwanga unapanda ngazi wenyewe. Mzungu alitetemeka mpaka kofia ikamdondoka, uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Mwishoni yule mnene alijikwaa akauangukia mzimu, shuka ulilojifunika likaanguka, na chini yake akatokea mwanaume mwenye masharubu, mzima kama mimi na wewe. Mfasiri akasema, "Mnamwona? Alitaka wenye mnara waondoke, apitishe magendo yake." Watu wakapiga makofi. Mimi nilibaki nimesimama, hasira ikinipanda tangu miguuni. Kweli Baba, aliyeijua njia ile kuliko mtu yeyote, angehitaji chemli ya nini?

Sikumwambia Mama, angenizuia. Asubuhi nilikagua migombani nikakuta alama za makubazi ya tairi. Zilipita nyuma ya zizi, juu ya mbao tulizolaza kwenye shimo la samadi, mahali ambapo kinyesi na mkojo wa ng'ombe vilijikusanya mwaka mzima. Nikasubiri jioni ambayo majirani wa jumuiya ya kanisa wangesali rozari kwetu. Baba Mdogo alishatoa udhuru kwamba kazi zimembana, nami nikajua maana yake: mzimu ukisikika mbele ya majirani, Mama hatalala tena pale. Mchana niliziondoa zile mbao, nikatandaza majani makavu ya migomba juu ya shimo.

Tulikuwa katikati ya rozari tuliposikia koh. Rozari ikakatika. Koh ya pili haikutoka. Kilichotoka ni kishindo, halafu sauti kubwa: "Nakufa! Ni mimi Boni! Nitoeni!"

Tulitoka wote na taa. Alikuwa amesimama kwenye samadi mpaka kifuani, amepakaa hadi kwenye nyusi. Nikapiga magoti ukingoni, kama nilivyofundishwa kuwaamkia wakubwa.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Hakuitikia.

Jumapili alikuja na wazee wa ukoo, ameshika isale, mmea ule tunaoupanda mipakani. Kwetu anayekuja na isale amekuja kuomba msamaha, na hakataliwi. Mimi nilitaka afukuzwe kwa mawe. Mama alitoka jikoni akifuta mikono.

"Sema kwanza unaomba msamaha wa nini," alimwambia. "Wazee wasikie."

Akasema yote, kikohozi, chemli, na tamaa ya kihamba.

"Kihamba cha nani?"

Boni alitazama chini. "Chako, shemeji. Chako na cha watoto wako."

Mama akalipokea isale, akaenda akalipanda ukingoni mwa mfongo, kati yetu na yeye. Usiku ule nilisusa chakula. Nilimwona Mama mjinga, ameuza machozi yetu kwa jani.

Miaka mingi baadaye Boni naye alikufa, na wanawe wakaja na wimbo ule ule wa mwanaume wa ukoo. Mzee mmoja aliyebaki kati ya wale waliomsikia Boni akikiri hakubishana nao. Aliwaonyesha isale la baba yao kwa kidole, wakageuka wakaenda zao. Hapo ndipo nilipomwelewa Mama. Kisasi changu kilioshwa kwa ndoo chache za maji. Cha kwake alikipanda.

Sasa lile isale limenipita kwa kimo. Kila nikifika kihambani huchota maji ya mfongo nikalimwagilia, taratibu, huku watoto wa Boni wakinitazama.